Likizo ya Vuli katika Milima ya Usambara

Vuli katika Milima ya Usambara ni majira ya mvua fupi, zinazonyesha kati ya Oktoba na Desemba. Wafasiri hulitumia neno hilohilo kutaja msimu wa kupukutika majani katika nchi za kaskazini, lakini vuli hizo mbili hazifanani. Ulaya, vuli hufunga mwaka wa mkulima: siku hufupika, miti huvua majani, na mavuno yamekwisha kuingia ghalani. Usambara, vuli huufungua upya. Vumbi la kiangazi hutulia, maji ya vijito huongezeka, na jembe linarudi udongoni. Milima hii iko karibu na digrii 5 kusini mwa Ikweta, ambako siku iliyo ndefu kuliko zote huizidi iliyo fupi kuliko zote kwa takriban nusu saa tu. Misitu yake hubaki kijani mwaka mzima. Majira huletwa na mvua, na mvua ndiyo inayoamua likizo ya Lushoto, mji wa milima hii, itakuwaje: njia itapitikaje, sokoni kutakuwa na nini, mezani patapakuliwa nini.

Kalenda ya majira na sikukuu

Kuanzia Oktoba ukanda wa mvua hulifuata jua kuelekea kusini. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima, hupanda, hupoa na kuumwaga unyevu wake. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa. Bonde la Lwengera limeigawa Usambara mara mbili. Usambara Mashariki, iliyo karibu zaidi na bahari, ni ya chini kidogo na yenye joto na unyevu. Usambara Magharibi, uliko mji wa Lushoto, ina miinuko mirefu na baridi. Mbali na masika ya Machi hadi Mei na vuli yenyewe, wenyeji wa Usambara Magharibi huhesabu pia mluati, mvua nyepesi za katikati ya mwaka zinazokuja pamoja na baridi ya kipupwe. Kwa misimu hiyo mitatu ya mvua, na kwa vijito vinavyomwagilia mabonde, mboga za Lushoto hupatikana karibu mwaka wote.

Siku za mapumziko za kipindi hiki huja moja baada ya nyingine. Oktoba 14 ni kumbukumbu ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999. Maulidi hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11. Mwaka 2022 iliangukia Oktoba, na mwaka 2023 ikaangukia mwishoni mwa Septemba. Desemba shule hufungwa kwa likizo ndefu. Desemba 9 ni Siku ya Uhuru, kisha Krismasi na siku inayofuata hufunga msimu. Mtu mwenye siku mbili au tatu, Oktoba humtosha. Familia yenye watoto husubiri Desemba, mvua zinapoelekea kupungua na matunda ya baridi kuanza kuiva.

Njia ya kupanda

Kutoka Dar es Salaam njia ni ya Chalinze, Segera na Korogwe hadi Mombo, kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha. Mwezi Desemba barabara hii hujaa mabasi ya watu wanaokwenda kwao Kilimanjaro kula sikukuu. Wanaokwenda Lushoto huachana nao Mombo, hugeuka kulia na kuanza kupanda. Umbali uliobaki ni takriban kilomita 33. Barabara hiyo ilichongwa ubavuni mwa mlima enzi za Wajerumani, na sasa ina lami. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni korongo lenye mto chini yake. Wenye basi dogo huijua kila kona, na hupiga honi kabla ya kila moja.

Mombo iko chini, kwenye joto la nyika. Lushoto iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi. Kwa kawaida joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na abiria huihisi hesabu hiyo mwilini. Madirisha yaliyofunguliwa wazi Mombo huanza kufungwa kabla ya Soni, na masweta yaliyokunjwa chini ya mizigo hutolewa. Mimea nayo hubadilika. Migunga na mikonge ya bondeni huachia nafasi migomba, kisha kahawa, miti ya mbao na vipande vya mashamba vilivyopangwa ngazi kwa ngazi.

Soni ni kituo cha kwanza cha mlimani. Maporomoko yake huonekana kutoka barabarani, na wakati wa vuli maji yake huwa mengi na mekundu kwa udongo wa mashambani. Hapo pia njia ya Bumbuli huachana na ya Lushoto. Wauza matunda hulisogelea basi wakiwa na mabeseni na ndoo ndogo, na kwa wasafiri wengi chakula cha likizo huanzia dirishani hapo.

Mvua ile inayoipendezesha njia huleta pia hatari. Udongo wa kingo hulainika na kuporomoka, mawe huanguka barabarani, na ukungu wa jioni hufunika kona. Anayesafiri wakati wa vuli hufanya vyema kufika Mombo mapema mchana, kupanda kukiwa na mwanga, na kuahirisha safari mvua kubwa inaponyesha. Njia za vumbi za vijijini, kama za Mtae na Mlola, huwa matope, na safari ya saa mbili huweza kula nusu siku.

Mji uliozaliwa kwa ajili ya baridi

Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmsthal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm wa Pili. Maofisa na walowezi walipanda huko kukwepa joto na homa za pwani. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 iliwarahisishia safari ilipofika Mombo mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliendelea kuutumia mji kwa mapumziko, wakajenga hoteli na shule ya watoto wao. Majengo ya mawe, miti mikubwa iliyopandwa kando ya njia, na baadhi ya bustani ni mabaki ya enzi hizo.

Lakini milima ilikuwa na wenyewe muda mrefu kabla ya hapo. Wasambaa huiita nchi yao Shambaai, na huitofautisha na nyika, yaani tambarare ya joto iliyo chini. Shambaai ni mahali pa migomba, maji na afya. Nyika ni mahali pa kuwinda, kuchunga na kusafiri. Ufalme wa Wakilindi, uliokuwa na makao Vuga, ulianza katika karne ya 18. Mfalme wake aliyevuma zaidi, Kimweri ye Nyumbai, alitawala hadi mwaka 1862. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1848 na tena mwaka 1852.

Masimulizi ya mwanzo wa ufalme huo yanahusu chakula. Abdallah bin Hemedi aliyaandika katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu, alifika mlimani akawaua nguruwe pori waliokuwa wakiharibu mashamba. Nyama aliwagawia wenyeji, nao wakampa vyakula vya shambani. Ukarimu huo wa pande mbili ukawa mlango wa utawala wake. Mwindaji alileta kile ambacho mkulima alikikosa, na mkulima akamlipa kwa kile ambacho mwindaji hakulima. Mtindo huo wa kubadilishana ungalipo katika sikukuu za Usambara. Mtoto aliyeishi Dar es Salaam mwaka mzima hupanda na sukari, mchele, mafuta ya kupikia na nguo mpya za wazazi. Hushuka na viazi, maharage, ndizi na matunda. Anayekwenda mikono mitupu na kurudi mikono mitupu huhesabiwa kuwa amepita tu.

Gulio na mazao ya msimu

Chakula cha likizo huanzia gulioni. Soko la Lushoto huchangamka zaidi Jumapili, na kwa kiasi kidogo Alhamisi. Soni hukutana Jumanne na Ijumaa, Bumbuli Jumamosi, na Sunga, upande wa kaskazini, Jumatano. Mpangilio huo humwezesha mchuuzi kuzunguka na bidhaa zake wiki nzima. Humwezesha pia msafiri kupanga matembezi yake, kwa kuwa siku ya gulio ndiyo siku yenye usafiri mwingi kuelekea kijiji husika. Wanawake hushuka alfajiri na vikapu kichwani. Saa nne asubuhi mafungu yamekwisha kupangwa chini kwa mstari: nyanya, karoti, kabichi, pilipili hoho, vitunguu, njegere, viazi mviringo, tangawizi.

Matunda ndiyo humshangaza zaidi mgeni wa pwani. Plamu, pichi, peasi na tufaha, ambazo asili yake ni nchi za baridi, hustawi hapa kwa sababu kimo kimefanya kazi ya latitudo. Kadiri Desemba inavyosogea, ndoo za plamu nyekundu huongezeka kando ya barabara. Pamoja nazo huuzwa parachichi, matunda damu, pasheni na ndizi za aina nyingi. Plamu bora kwa safari ni ile iliyo ngumu kidogo. Iliyoiva kabisa huliwa papo hapo, maana haifiki Segera bila kupondeka.

Sehemu kubwa ya mazao haya haikai mlimani. Malori hupakia jioni na kukesha njiani kwenda Tanga na Dar es Salaam, ambako jina la Lushoto husikika sokoni kila siku. Mkulima hupoteza katika biashara hiyo pale mnunuzi anapodai lumbesa, gunia lililorefushwa kwa kushonewa nyongeza na kujazwa kupita kipimo. Taratibu za vipimo nchini zinaupiga marufuku mtindo huo na kuweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia. Mgeni anayenunua fungu gulioni kwa bei iliyotajwa anamwachia mkulima zaidi ya anavyomwachia mwenye lori. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na gulioni ndiko methali hiyo inakoonekana kwa macho.

Vyakula vingine vya Lushoto vina historia ya misheni. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, na kazi yao ikakua hadi kuwa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), yenye makao Lushoto. Shamba la Irente, lililo chini ya dayosisi hiyo, hutengeneza jibini, jamu, juisi na mkate mzito wa rai. Watu hununua vitu hivyo na kwenda kuvilia nyasini. Sakharani, karibu na Soni, Wabenedikti wana shamba linalojulikana kwa makadamia na divai. Vyakula hivi vilikuja na wageni, lakini mikono inayovitengeneza leo ni ya wenyeji, navyo vimekuwa sehemu ya zawadi ambazo watu hutarajia kutoka Lushoto.

Meza ya sikukuu

Usambara ina Waislamu na Wakristo wanaoishi kijiji kimoja, na mara nyingi ukoo mmoja. Kwa hiyo msimu wa vuli huleta sahani kutoka pande zote mbili. Maulidi, inapoangukia msimu huu, husomwa msikitini au uwanjani, watu wakakaa kwa safu, na baadaye masinia ya pilau hupitishwa. Krismasi majirani huchanga fedha, hununua ng'ombe au mbuzi, humchinja kwa namna ambayo wote wataweza kula, na kila nyumba huondoka na fungu lake. Katika sikukuu ya kila upande, watoto wa upande wa pili hutumwa na sahani iliyofunikwa kitambaa. Sahani hiyo hairudishwi tupu.

Kati ya sikukuu zote, inayokaribiana zaidi na vuli ya Ulaya ni Sikukuu ya Mavuno ya makanisa. Wajerumani huiadhimisha kwa kawaida Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Wamarekani wana siku yao ya shukrani Alhamisi ya nne ya Novemba, kama ilivyowekwa na sheria ya mwaka 1941. Katika sharika za Usambara kila mahali hupanga Jumapili yake kulingana na mazao. Washarika huingia na mahindi, maharage, viazi, mikungu ya ndizi, mayai, kuku aliyefungwa miguu, hata mbuzi. Vitu huwekwa mbele na kuombewa. Baada ya ibada watu hutoka nje, na mnada huanza. Kabichi moja huweza kununuliwa, kutolewa tena na kunadiwa mara kadhaa, kwa kuwa nia ya wanunuzi ni kuchangia. Asiyekuwa na shamba huenda nyumbani na chakula, na mwenye shamba huenda na furaha ya kuona jasho lake likithaminiwa hadharani.

Chakula chenyewe hufuata daraja. Cha kila siku ni ugali, maharage, makande ya mahindi na maharage, ndizi za kupika, viazi, na mboga za majani kama mchicha na mnavu. Cha sikukuu ni wali au pilau, nyama, na kuku wa kienyeji aliyekaangwa au kuchemshwa kwa mchuzi mzito. Mchele hutoka bondeni, na ndiyo sababu ya kuheshimiwa kwake mlimani. Viungo vya pilau, hasa iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu, hulimwa jirani, katika vijiji vya Usambara Mashariki vilivyo juu ya Muheza. Hivyo sinia moja hukutanisha mchele wa tambarare, nyama ya nyika, vitunguu na karoti za Lushoto, na viungo vya Usambara Mashariki. Baada yake hufuata chai ya tangawizi, ambayo kwenye ukungu wa jioni haikataliwi na mtu.

Wanaoandaa meza hii huamka kabla ya alfajiri. Kuni hukusanywa siku kadhaa mapema, na wakati wa vuli lazima zianikwe jikoni juu ya moto, kwa kuwa nje hazikauki. Maji huchotwa, mchele huchambuliwa, viungo hutwangwa. Likizo ya wanaokuja kutoka mjini hujengwa juu ya kazi hiyo, na nyingi yake hufanywa na wanawake. Familia zinazopanga vyema huwapa vijana waliokuja likizo zamu ya kuchota maji, kumenya viazi na kuosha vyombo, na mama wa nyumbani naye hupata nafasi ya kuketi na wageni wake.

Kula na kuvimbiwa

Sikukuu huwafanya watu wale kupita kiasi kwa sababu zinazoeleweka. Ya kwanza ni wingi wa aina. Ulimi uliochoshwa na ladha moja huamka tena unapopewa nyingine, na hivyo aliyeshiba pilau bado hupata nafasi ya plamu na mkate wa sukari. Ya pili ni mwendo wa mwili. Taarifa ya shibe huchukua takriban dakika 20 kufika kwenye ubongo, na anayekula haraka huwa amemaliza sahani ya pili kabla haijafika. Ya tatu ni adabu. Kukataa chakula cha mwenyeji huonekana kama kukataa upendo wake, na mgeni anayetembelea nyumba nne kwa siku moja hukuta sahani nne zinamsubiri. Ya nne ni baridi, ambayo huwafanya watu wakae karibu na moto na sufuria.

Matokeo yake ni kuvimbiwa, kiungulia na usingizi mzito wa mchana. Kinga yake iko katika desturi zilezile. Kula kutoka sinia moja hupunguza kasi, kwani kila mmoja huchota upande wake na kuwangojea wazee. Kuanza na mboga na matunda, ambayo Lushoto inayo tele, hujaza tumbo kwa kitu chepesi. Mgeni wa nyumba nyingi anaweza kuonja kidogo kila mahali na kuomba kufungiwa kilichobaki. Jambo hilo halimvunji moyo mwenyeji, kwa sababu chakula kilichofungwa kimekubaliwa. Mwenye kisukari au shinikizo la damu huwaambia wenyeji wake mapema, wakampikia ndizi na maharage bila ya yeye kulazimika kujieleza mezani.

Methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ina maana yake halisi wakati wa vuli. Huo ndio wakati wa kupanda na kupalilia, na mikono ya ziada inahitajika. Asubuhi moja shambani kwenye mteremko wa Usambara humrudishia mtu wa mjini hamu ya kula, na humfundisha uzito wa gunia ambalo alizoea kuliona sokoni.

Matembezi

Baada ya chakula hufuata miguu. Matembezi mashuhuri zaidi ni ya Irente, takriban kilomita 5 kutoka mjini. Njia hupita kati ya nyumba na mashamba, kisha ghafla ardhi hukatika. Chini kabisa, kiasi cha mita 1,000, huonekana Mazinde, barabara kuu kama uzi, na nyika ikienda hadi macho yanapochoka. Asubuhi za vuli ukungu hujaza bonde na kilele husimama juu yake kama kisiwa. Jua likipanda, ukungu hupasuka vipande vipande na tambarare hujitokeza. Anayewahi saa moja huyaona yote hayo; anayefika adhuhuri hukuta anga nyeupe kwa joto.

Msitu wa hifadhi wa Magamba, kaskazini mwa mji, una takriban hekta 9,000. Ndani yake kuna mbega weupe na weusi, vinyonga, ndege wasiopatikana nje ya milima ya eneo hili, na chemchemi zinazolisha vijito vya vijiji vya chini. Mvua ya vuli hulainisha njia na kuamsha vyura, kuvu na maua madogo ya sakafu ya msitu. Viatu vyenye meno na koti la mvua ni vya lazima. Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi kuna Mtae, takriban kilomita 60 kutoka Lushoto, kijiji kilichokaa kwenye ukingo wa mwisho wa milima. Kutoka hapo huonekana tambarare za Mkomazi hadi upande wa Kenya, na anga ikiwa safi baada ya mvua, hata Mlima Kilimanjaro.

Safari za miguu zenye waongozaji wa vijijini zilipata mpangilio katikati ya miaka ya 1990, pale shirika la SNV la Uholanzi liliposaidia kuanzisha mpango wa utalii wa utamaduni nchini, Lushoto ikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Mwongozaji mwenyeji hujua njia isiyoteleza, hujua shamba la nani linapitwa, na husalimia kwa Kisambaa. Mgeni anayejibu onga maundo ya asubuhi, na kushukuru kwa hongea, hufunguliwa milango ambayo ramani haina.

Kushuka mjini Tanga

Likizo ya vuli huenda pande zote mbili. Wakati watu wa pwani wanapanda kutafuta baridi, watu wa mlimani hushuka Tanga kutafuta bahari. Tanga, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2005, ndiko wanakonunua nguo za sikukuu, vyombo na vitabu vya shule vya Januari. Watoto hupelekwa Raskazone kuogelea, na hutembezwa katika mapango ya Amboni, yaliyochongwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa kaskazini mwa jiji. Mezani mambo hugeuka: badala ya viazi na maharage huja samaki wa kupaka, mihogo ya nazi na mkate wa kumimina.

Njia ya kurudi inaweza kupitia Muheza na Amani, katika Usambara Mashariki. Amani, Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa mimea mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka mabara mengine ingalipo. Milima hii ndiyo iliyoipa dunia ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilikusanya na kulituma kwao, na hadi leo Wajerumani huliita Usambaraveilchen. Katika nyumba zenye baridi za kaskazini, ambako vuli ni kufa kwa majani, ua hilo hubaki limechanua dirishani. Huku kwao asili yake liko hatarini, kwa sababu hukua kwenye miamba yenye kivuli, na kivuli huondoka msitu unapokatwa. Kulinda misitu ya Amani na Magamba ni kulinda ua hilo, vijito vinavyomwagilia kabichi na karoti, na pia mvua yenyewe ambayo likizo yote hii huitegemea.

Siku ya kurudi

Wanaoondoka Lushoto hupanga mizigo jioni ya kuamkia safari. Viazi huwekwa chini, kabichi juu yake, plamu kwenye ndoo yenye majani ya mgomba, jibini na jamu ndani ya begi la mkononi. Mwenyeji huongeza mkungu mmoja wa ndizi bila kuulizwa. Asubuhi basi hushuka kupitia Soni, masweta huvuliwa, madirisha hufunguliwa, na joto la Mombo huingia. Juu, mahindi yaliyopandwa na mvua za kwanza yamekwisha kufika magotini. Ndoo ya plamu ikifika Dar es Salaam, plamu hugawiwa majirani siku hiyohiyo, kabla hazijalainika.